Isale la Nyuma ya Banda la Mbuzi

Zilikuwa zimebaki siku saba tu Elinaza aolewe. Jamani, bibi harusi gani huyo anayeamka siku ya kupigwa picha na macho yamevimba kama amefiwa?

"Ulilia?" mama yake alimwuliza.

"Nimelala vibaya tu, mama."

Mama Sifaeli akageuka kuendelea na kazi yake. Alikuwa nyuma ya banda la mbuzi, kitenge kakifunga kifuani, akimwagilia isale lake, ule mmea wa majani marefu membamba, kwa jagi. Ngongongare nzima ina masale, kila mpaka wa shamba umepandwa, lakini lile lilikuwa limeota peke yake, halikuweka mpaka wa mtu yeyote. Miaka mitatu limefikia urefu wa kumpita Elinaza. Jumatano ile kina mama wa kamati ya harusi walipokuja kulikata wapambe geti, Mama Sifaeli aliwatoa mbio.

"Kateni migomba! Kateni maua yote! Hilo mliache!"

Wakacheka wakidhani ni uchungu wa kumwoza binti. Hata Elinaza alicheka. Angejua, asingecheka.

Saa mbili kamili Noah ya Calvin, mchumba wake, ikapiga honi barabarani. Calvin alikuwa mtu wa Lemara, kazi yake kuuza na kufunga sola, na kicheko chake kilisikika kabla hajashuka garini. Alimwamkia Mama Sifaeli kwa mikono miwili, akapokea mfuko wa gauni na viatu vyeupe vya Elinaza, akamfungulia mlango.

Alimpenda? Hilo swali Elinaza alikuwa amejiuliza mpaka likamchosha. Alimheshimu. Alimzoea. Calvin alikuja wakati moyo wake umekuwa jivu tupu, akakaa naye hapohapo kwenye jivu bila kumharakisha. Mwanamume wa namna hiyo unamkataaje? Matangazo mawili ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani. Kesho Jumapili lingesomwa la tatu, ndiyo basi tena.

"Leo tunapiga picha ambazo Arusha haijaziona," Emmanuel, mpiga picha, alisema kutoka kiti cha nyuma. "Tunaanzia maporomoko ya Tululusia, tunamalizia maziwa ya Momela na ndege wale heroe wa waridi."

"Tululusia si mpaka kutembea?" Elinaza akauliza haraka mno.

"Ni mwendo mfupi, shemeji. Tunapewa askari mwenye bunduki, hakuna cha kuogopa."

Hakuwa anaogopa nyati. Alichokuwa anakiogopa kilikuwa na jina, na miaka mitatu hakuwa amelitamka. Alijifariji kwamba hifadhi ina askari wengi, na kwamba yule mtu pengine alishahamishwa.

Walipofika geti la Momela, twiga wawili walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakila migunga bila habari na mtu. Calvin akalipia, akarudi akisugua mikono. Mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka askari akiweka sawa mkanda wa bunduki begani.

Alikuwa Yiamat.

Alikuwa amekonda kidogo, kovu dogo limeongezeka chini ya kidevu, lakini mwendo ulikuwa uleule wa kutokuwa na haraka. Yiamat naye akamwona Elinaza. Mkono wake ukasimama juu ya mkanda, kisha ukaendelea na kazi.

"Karibuni," alisema. "Naitwa Yiamat. Mimi natangulia mbele, nyie nyuma yangu mstari mmoja. Nikiinua mkono, simameni. Hakuna kukimbia, hata iweje."

"Sawa afande," Calvin akajibu kwa furaha. "Huyu ndiye bibi harusi, mlinde sana. Nikimpoteza nitamwambia nini mchungaji?"

"Nitamlinda," Yiamat akasema.

Acha nikwambie walivyokuwa hawa wawili. Elinaza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Yiamat akija darasani kuwafundisha watoto habari za wanyama. Alianza kuja mara moja kwa muhula, ikawa kila mwezi, ikawa hata siku ambazo hakuna somo. Kwao ni Ngaramtoni, upande wa pili wa mlima, lakini kwa Mama Sifaeli alikuwa mtoto wa nyumbani. Alikula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, sahani moja na Sifaeli, kaka yake Elinaza. Miaka miwili watu wakawa wanauliza tu harusi lini.

Halafu Yiamat akamkamata Sifaeli ndani ya hifadhi na mitego ya waya, miguuni pake ndama wa twiga.

Sifaeli akafungwa mwaka mmoja. Alipotoka alikaa nyumbani wiki mbili hamtazami mtu usoni, akaaga anakwenda kutafuta maisha migodini Mirerani. Simu yake ikazimika, mpaka leo. Mama yake bado anaitwa Mama Sifaeli na kila anayemwita, anamchoma. Mwezi uleule Sifaeli alipoondoka, Elinaza alimwandikia Yiamat ujumbe wa mwisho: *Usinitafute tena mpaka uje kumwomba mama yangu msamaha.* Kisha akangoja. Yiamat hakuja.

Hivyo ndivyo Elinaza alivyojua.

Walitembea kwenye uwanda wa majani, mlima Meru ukiwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Calvin alibeba mfuko wa gauni, viatu, mwavuli, na mkoba wa Elinaza pia, huku akiimba. Elinaza alitazama mgongo uliokuwa mbele yake. Aliujua ule mgongo. Alijua shati linavyovutika pale begani. Akajilaumu, akatazama chini, akajikuta anautazama tena.

Ghafla mkono wa Yiamat ukapanda juu.

Nyati dume mzee alisimama hatua arobaini hivi, peke yake, matope yamemkaukia mgongoni. Aliinua pua. Calvin akaacha kuimba. Na hapo, bila kupanga, bila kufikiri, Elinaza akapiga hatua mbele na kushika shati la Yiamat mgongoni, kama alivyokuwa akifanya zamani kila walipokutana na mnyama.

Yiamat hakugeuka. Lakini Elinaza alihisi pumzi yake ikikatika chini ya kile kitambaa.

Nyati akawapima, akaona hawana maana, akaondoka. Elinaza akaachia shati kana kwamba limemuunguza. Calvin alikuwa anajifuta jasho, anacheka, kana kwamba hakuona kitu.

"Mama yangu! Ndevu zangu zimeota mvi sasa hivi!"

Kule maporomokoni maji yalianguka kwa kishindo na rasharasha ikamfikia kila mtu. Emmanuel akamtaka bwana harusi peke yake kwanza, juu ya jiwe. Akampandisha, akamshusha, akampandisha tena. Elinaza, aliyekwisha kubadili nguo nyuma ya kichaka, akakaa kwenye gogo na gauni lake jeupe akilikunjia magotini. Yiamat akasimama karibu naye, uso kaugeuzia kichakani. Askari akiwa na wageni macho yake ni ya porini, haruhusiwi kuyapeleka pengine. Yote aliyoyasema aliyasema hivyo, anatazama miti.

"Hongera," alisema.

"Asante."

Mbega wakaruka juu yao, mikia myeupe ikipepea.

"Sifaeli yuko wapi?"

"Usilitaje jina lake."

"Nilikula naye sahani moja, Naza. Naruhusiwa kuuliza."

Naza! Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

"Na mkono huohuo uliokula naye ukamfunga pingu."

"Ndiyo." Hakujitetea haraka. "Mara mbili niliikuta mitego, nikaing'oa, nikanyamaza. Nilijua ni yake, waya ulikunjwa vilevile anavyofunga kamba za mbuzi wenu. Nikamfuata shambani nikamsihi aache. Akaniahidi. Mara ya tatu nilikuwa na wenzangu wanne, na yule ndama alikuwa bado anarusha miguu. Ningefanyaje?"

"Sikukuuliza kwa nini ulimkamata! Hata siku moja sikukuuliza hilo. Nilikuomba kitu kimoja tu, uje umwombe mama. Kimoja, Yiamat! Unajua nimekaa kibarazani jioni ngapi, nasikia pikipiki nadhani ni wewe?"

Shingo ya Yiamat ilianza kugeuka. Akairudisha porini.

"Nilikuja."

"Usinidanganye. Leo, na gauni hili, usinidanganye."

"Nilikuja Jumamosi, wewe ulikuwa Usa River. Kwetu mtu akiomba amani anashika majani mabichi mkononi. Nikasema hapana, nakwenda kwa Wameru, niende na desturi yao. Nikamwuliza mzee mmoja pale getini, akaniambia peleka isale. Hakuniambia ni kiasi gani. Mimi nikakata tawi zima."

"Tawi zima?" Elinaza akarudia polepole.

"Refu kama fimbo ya kuchungia. Nilijua baadaye kwamba ni jani moja tu, linapigwa fundo. Watu walinitazama njia nzima, nikadhani ni heshima." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kujionea huruma. "Mama yako alinitazama, akalitazama lile tawi. Nikapiga magoti. Halafu akalipokea. Akasema, 'Elinaza akirudi nitampa. Akikubali, atakutafuta mwenyewe. Wewe usije tena hapa mpaka yeye aje.'"

Maji yalikuwa yanaunguruma lakini Elinaza hakuyasikia tena. Alikuwa anaona jagi. Alikuwa anaona mama yake kainama nyuma ya banda la mbuzi, kila asubuhi, miaka mitatu.

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Mungu wangu. Isale kwetu halipelekwi bila shahidi, Yiamat! Lazima awepo mtu wa tatu wa kusema limepokelewa. Hukuambiwa?"

"Labda mzee alidhani najua."

Kule jiweni Calvin alikuwa amenyanyua mikono kama mshindi wa mbio, na Emmanuel akipiga kelele, "Hapohapo! Tabasamu!"

"Umeoa?" Elinaza akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Bado. Nilikuwa nangoja jibu."

"Miaka yote hiyo?"

"Mpaka Jumapili ya tangazo lenu la kwanza. Nilisikia watu wanaongea nikaja kanisani kwenu, nikakaa benchi la mwisho. Mchungaji akasoma jina lako na la huyu bwana, akauliza mwenye pingamizi. Nikajua jibu langu ndilo hilo."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesimama niseme nini mbele ya usharika mzima? Kwamba niliwahi kuleta tawi?"

Machozi yalimtoka Elinaza palepale, yakaharibu poda yote aliyopakwa.

"Nikikwambia kwamba leo ndio kwanza nasikia..."

Hapo Yiamat akavunja sheria ya kazi yake. Akageuka, akamtazama. Mara moja tu, labda muda wa kuhesabu mpaka tano, na katika huo muda Elinaza aliona kila kitu alichokuwa ameambiwa kimekufa, kiko hai. Kisha askari akarudisha macho porini.

"Usimalizie," alisema taratibu. "Una pete ya mtu kidoleni, na mwenyewe yule pale anacheka. Amekubebea mkoba njia nzima. Mimi siwezi kusimama hapa na bunduki ya kumlinda, halafu nikamwibia."

"Yiamat..."

"Ni mtu mzuri, Naza. Nilitaka awe mbaya. Nimemtazama asubuhi yote, si mbaya."

"Mke wangu mtarajiwa!" Calvin akaita. "Njoo, zamu yako! Mbona unalia? Afande, umemfanya nini mke wangu?"

"Ni rasharasha ya maji," Elinaza akasema. Akaenda.

Picha za Momela hazikupigwa. Alisema kichwa kinamuuma, na Calvin, bila neno, akageuza gari. Kwenye kioo cha pembeni Elinaza aliona geti likipungua, na mtu mmoja amesimama karibu nalo hajapunga mkono.

Alimkuta mama yake jikoni anamenya ndizi. Hakumwamkia. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya banda la mbuzi, akasimama mbele ya isale, na gauni jeupe likaburuta kwenye samadi.

"Elinaza! Gauni hilo!"

"Hili nani alilileta, mama?"

Kisu kikaacha kumenya. Mama Sifaeli akatoka nje polepole, akifuta mikono kwenye kitenge, na alipoona uso wa binti yake akajua hakuna tena pa kujificha.

"Amekwambia."

"Nijibu wewe."

"Yiamat."

"Ukalinyamazia miaka mitatu! Umenitazama nakonda, umenitazama nalia, ukanibembeleza kabisa, ukaniambia mwanangu msahau, hana utu, hata msamaha hajaomba. Mama! Ulikuwa unalimwagilia maji!"

"Ningefanya nini?" Sauti ya mama ikapasuka. "Isale halitupwi, unajua. Usiku ule nililishika nikashindwa kulichoma, nikashindwa kulitupa. Na kulipokea mbele ya shahidi je? Kulipokea ilikuwa ni kusema kwamba mwanangu alistahili kufungwa. Nimwambie Sifaeli nini siku akirudi? Kwamba aliyekufunga ni mkwe wangu, njooni mle pamoja?" Akashika nguzo ya banda. "Nikalichomeka hapa, nikasema likauke lenyewe, iwe amri ya Mungu. Halikukauka. Jani la kwanza lilipotoka nilikaa hapa chini nikalia. Ndipo nikaanza kulimwagilia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuja, Elinaza. Yule kijana alikuja akapiga magoti. Mimi ndiye niliyeshindwa kuinuka."

Elinaza alitaka kumchukia. Alitafuta hiyo chuki ndani yake, akakuta mwanamke mzee aliyekonda mikono, aliyepoteza mtoto mmoja akaogopa kumpoteza wa pili. Wakasimama pale wawili wanalia kila mtu kilio chake, mbuzi wakiwatazama.

Baada ya kitambo Elinaza akavunja jani moja. Akalipiga fundo katikati.

"Unampelekea Yiamat?" mama akauliza.

"Hapana. Yiamat hajui nakwenda kufanya nini, na sijui kama kwake bado kuna mlango. Lakini siwezi kusimama madhabahuni nikamwapia Calvin kwa mdomo huu. Lazima nimwombe yeye msamaha kwanza."

Mama Sifaeli alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Kisha akajifunga kitenge upya, akakaza.

"Shahidi wako ni nani?"

"Sina."

"Safari hii nipo," alisema.

Hawakulazimika kwenda Lemara. Saa kumi na moja Noah ilirudi yenyewe. Calvin akashuka na viatu vyeupe mkononi, anacheka kama kawaida yake.

"Bibi harusi gani anasahau viatu kwenye gari? Jumamosi utakuja pekupeku?" Kisha akamwona Elinaza katikati ya uwanja, na mama yake nyuma yake kainamisha kichwa, na kile kilichokuwa mkononi. Kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Elinaza. Liweke chini hilo."

"Calvin, nisikilize."

"Bibi yangu ni Mmeru wa Akeri, alinifundisha. Ukinipa siwezi kulikataa. Basi usinipe, niambie kwa mdomo tu, tugombane, nikasirike kama watu wengine. Usinipe hilo."

"Nimekukosea," Elinaza akasema, na magoti yakagusa ardhi. "Nilikubali pete yako wakati kuna mtu sijaagana naye. Sikujua kwamba sijaagana naye. Leo nimejua."

"Ni yule askari." Halikuwa swali. "Nilikuona ukimshika shati. Nikajiambia ni woga wa nyati."

Basi aliona! Na aliimba njia nzima ya kurudi, na aligeuza gari bila neno. Elinaza akalia kwa sauti, akanyoosha jani kwa mikono yote miwili. Calvin alisimama akilitazama. Jogoo akapita kati yao. Hatimaye aliviweka viatu chini, kimoja kando ya kingine, vizuri, akapangusa vumbi kwenye kimoja kwa kidole. Kisha akanyoosha mikono miwili kama alivyofundishwa, akalipokea isale.

"Limepokelewa," Mama Sifaeli akasema kwa sauti ndogo, "mimi ni shahidi."

"Mwambie mchungaji kesho asisome tangazo," Calvin akasema. Lile fundo alikuwa amelibana kiganjani. "Nimesamehe, Elinaza. Sasa inuka uingie ndani, tafadhali, maana mimi nataka kulia na sitaki unione."